Kaboni Katika Miamba ya Bahari ya Kale

Ukisafiri kutoka Thika kuelekea kaskazini utafika mahali paitwapo Makutano, ambapo njia hugawanyika. Moja hushika upande wa Sagana na Nyeri; nyingine huingia Mwea, ikapita kando ya mashamba ya mpunga, ikaenda zake Embu, Chuka na Meru. Ukifika mjini Meru utakuta Makutano nyingine, maana jina hili si la mahali pamoja: njia zikutanapo, watu hawakuona haja ya kutafuta jina jingine. Tuseme umeshuka garini katika Makutano ya kwanza, ukaokota jiwe kando ya njia. Likiwa zito na jeusi, au la kijivu, yamkini limetoka katika moto wa Mlima Kenya, ambao ulikuwa ukitapika miaka karibu milioni 3 iliyopita. Likiwa gumu, lenye mistari myeupe na myeusi na chembe zinazometameta, ni kipande cha mwamba wa kale sana ulalao chini ya nchi ya Mbeere, mwamba uliochomwa na kukandamizwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Katika mawe hayo yote mawili hutaona kombe, wala mwiba wa samaki, wala dalili yoyote ya maji ya chumvi.

Hata hivyo habari nitakazokupa ni za bahari, nami nimeanza na Makutano kwa sababu. Elimu ya miamba nayo ina makutano yake. Mtu achimbaye udongo Kilwa, na mwingine apandaye genge la chokaa huko Misri, na wa tatu atoaye matope chini ya bahari ya barafu, kila mmoja ana kitabu chake cha matabaka, ukurasa juu ya ukurasa. Lakini kurasa hizo hazina tarehe. Swali lililowasumbua wataalamu kwa muda wa miaka 200 ni hili: ukurasa huu wa kitabu changu uliandikwa wakati mmoja na ukurasa upi wa kitabu chako? Asiyeweza kulijibu hana historia ya dunia. Ana visa vya mahali mahali tu.

Jibu la kwanza lenye nguvu lilitolewa na Mwingereza mmoja, William Smith, aliyezaliwa mwaka 1769. Hakuwa mtu wa chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kupima ardhi, na alipopima njia za mifereji iliyokuwa ikichimbwa kwa ajili ya kupitisha mashua za makaa, aliona kwamba kila tabaka la mwamba lina visukuku vyake, yaani mabaki ya viumbe vya kale vilivyogeuka mawe, na kwamba visukuku hivyo hufuatana kwa taratibu ile ile kila aendapo. Kwa kuvitumia kama alama aliweza kusema kwamba tabaka la kijiji hiki ndilo lile lile la kijiji cha mbali, ingawa katikati yake pana mabonde na misitu. Mwaka 1815 alitoa ramani kubwa ya miamba ya Uingereza. Mpaka leo hapana mwanafunzi wa miamba awezaye kuacha njia ya Smith.

Lakini njia hiyo ina upungufu wake. Viumbe vya bahari ya joto si vile vya bahari ya baridi. Kiumbe kipya huchukua muda kuenea. Na iko miamba mingi isiyo na kisukuku hata kimoja. Ilitakiwa alama nyingine, ambayo ingeingia katika bahari zote kwa mara moja, pasipo kuuliza kama maji ni ya joto au ya baridi, na kama viumbe vyake ni vya namna gani.

Nitakupa mfano kabla ya kuitaja alama yenyewe. Fikiri wazee wawili, mmoja wa Runyenjes na mmoja wa Tharaka, ambao kila mmoja alikuwa na desturi ya kuandika habari za shamba lake katika daftari bila kuweka tarehe. Wazee hao wamefariki, na madaftari yamekuja mikononi mwako. Huyu asema habari za kahawa, yule asema habari za mtama na mbuzi. Hapana neno la kuwaunganisha. Ghafula katika daftari la kwanza wasoma, "Nzige wametua," na katika la pili wasoma, "Leo nzige wamefunika jua." Basi umepata fundo la kufungia kamba mbili. Ukurasa ule na ukurasa huu ni wa wakati mmoja, na sasa waweza kuhesabu kurasa kwenda mbele na kurudi nyuma katika madaftari yote mawili.

Ila ngoja kidogo. Nzige gani? Nzige waliingia Kenya mwaka 1928 wakasumbua nchi kwa miaka kadhaa, na nzige wengine waliingia mwishoni mwa mwaka 2019, wakaenea Meru, Tharaka na Embu mwanzoni mwa mwaka 2020. Daftari moja laweza kuwa lasema habari za wale, na jingine habari za hawa, nawe ukawaunganisha watu waliotengwa na miaka 90. Itakupasa utafute dalili nyingine: je, mwandishi ametaja ndege zilizonyunyiza dawa? Ametaja fedha zilizotumwa kwa simu? Tafadhali uikumbuke shida hii ya nzige wawili, maana tutakutana nayo tena.

Sasa alama yenyewe. Kila kiumbe chenye uhai kina kaboni: mkaa ni kaboni, na chokaa, na sukari, na hewa tuitoayo puani zina kaboni ndani yake. Atomu za kaboni si za uzito mmoja. Katika kila atomu 100, karibu 99 zina uzito wa 12, na moja hivi ina uzito wa 13, kwa sababu kiini chake kina nyutroni moja zaidi. Atomu za namna hiyo, zilizo za asili moja ila zatofautiana kwa uzito, huitwa isotopi. Jina hilo lilitumiwa kwanza na Frederick Soddy mwaka 1913, alipokuwa Glasgow, naye alipewa na daktari mmoja mwanamke, Margaret Todd, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "mahali pamoja". Kaboni ya uzito wa 13 iligunduliwa mwaka 1929 na Arthur King na Raymond Birge, waliokuwa wakichunguza mwanga utokao katika kaboni iliyopashwa moto.

Huenda umepata kusikia habari za kaboni ya uzito wa 14, ambayo hutumiwa kupima umri wa mifupa na makaa ya watu wa kale. Hiyo ni nyingine, wala usiichanganye na hizi mbili. Kaboni ya 14 huoza. Kila baada ya miaka 5,730 nusu yake hutoweka, na baada ya miaka 50,000 hivi hubaki kidogo mno hata haipimiki vema. Katika miamba ya mamilioni ya miaka haimo tena. Lakini kaboni ya 12 na ya 13 hazioza kamwe. Zilivyofungwa ndani ya kombe siku lilipoumbwa, ndivyo zilivyo leo, maadamu kombe lenyewe halikuharibiwa.

Kazi ya mtaalamu basi ni kuuliza: katika jiwe hili, ile ya 13 ni ngapi ukiilinganisha na ile ya 12? Tofauti ni ndogo sana, hata huhesabiwa kwa sehemu katika elfu, nayo hupimwa kutoka jiwe moja la kulinganishia lililowekwa kuwa sifuri. Jiwe lenye kaboni nzito kupita lile huandikwa kwa alama ya kujumlisha. Lenye kaboni nyepesi huandikwa kwa alama ya kutoa.

Tofauti hizi zatoka wapi? Usiende mbali; tazama chungu cha githeri. Maharagwe yalipokuwa shambani yalivuta hewa ya ukaa kwa majani yake ili yajenge mwili, na katika kuvuta yalichagua atomu nyepesi kuliko nzito, kama mchukuzi achaguavyo mzigo mwepesi. Kwa hiyo kaboni ya maharagwe ni nyepesi kuliko jiwe la kulinganishia kwa sehemu 27 hivi katika elfu. Mahindi nayo huchagua, lakini si sana, kwa kuwa yana njia nyingine ya kujenga sukari. Kaboni yake ni nyepesi kwa sehemu 12 hivi tu. Chai, kahawa, miraa na migomba huenda na maharagwe. Mtama, wimbi, uwele na miwa huenda na mahindi. Mchanganye vile upendavyo, uwapike mpaka waive, kila mmoja atabaki na alama yake. Kwa njia iyo hiyo wakemia huweza kumnasa mtu aliyetia sukari ya miwa katika asali, akaiuza kana kwamba yote imetoka mzingani. Ulimi hautambui, lakini kaboni hutambua.

Baharini mambo hufanana na hayo. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho huelea karibu na uso wa maji, nayo huchagua kaboni nyepesi. Ikifa huzama, na sehemu yake huzikwa katika matope ya chini. Kila mimea mingi inapozikwa, kaboni nyepesi hutolewa katika mzunguko, na maji yanayobaki huwa na kaboni nzito zaidi. Kinyume chake, kama kaboni nyepesi iliyokuwa imefungwa ardhini itafunguliwa kwa wingi, iwe kwa volkano kuchoma makaa na mafuta ya chini, au kwa gesi ya methani kutoka katika matope, basi hewa yote na bahari yote huwa nyepesi. Na kwa kuwa maji ya bahari za dunia huchanganyika yote kwa muda wa miaka 1,000 hivi, ambao ni kufumba na kufumbua katika hesabu ya miamba, alama hiyo huingia Bahari ya Hindi na Atlantiki na bahari za ncha za dunia kana kwamba ni siku moja. Viumbe vyenye kombe hujenga kombe zao kwa kaboni ya maji hayo, huzama, na kuliandika jambo lile katika tabaka.

Haikuwa kazi rahisi kuyapima hayo. Mwaka 1939 Alfred Nier na Earl Gulbransen, katika chuo cha Minnesota, walionyesha kwamba mawe ya chokaa yana kaboni nzito kuliko mimea. Baada ya vita vya mwaka 1939 hadi 1945 Nier alitengeneza mashine bora zaidi ya kutenganisha atomu kwa uzito, iitwayo spektromita, na kule Chicago Harold Urey, aliyekwisha kupata tuzo ya Nobel mwaka 1934, aliwakusanya vijana hodari ili watumie mashine hizo kuuliza bahari za kale zilikuwa na joto gani. Jiwe lao la kulinganishia lilikuwa gamba la mnyama wa kale wa jamii ya ngisi, lililotoka katika miamba iitwayo Peedee katika jimbo la South Carolina. Walilisaga, wakalitumia, wakawagawia na wengine, mpaka likaisha kabisa! Ndiyo sababu leo dunia hulinganisha kaboni yake na jiwe lisilokuwapo tena, na vipimo hutunzwa kwa mawe mengine huko Vienna ambayo yamepimwa kuwakilisha lile la kwanza.

Mwaka 1980 Peter Scholle na Michael Arthur walitoa maandiko yaliyosema wazi kwamba kupanda na kushuka kwa kaboni katika mawe ya chokaa ya zama za Kretasia kwaweza kutumiwa kulinganisha matabaka, hata katika kutafuta mafuta. Tangu hapo alama hii haikuwa tena jambo la kuajabia tu. Ilikuwa chombo cha kazi.

Turudi kwetu. Katika pwani ya kusini ya Tanzania, toka Kilwa mpaka Lindi, pana udongo mzito wa rangi ya kijivu uliowekwa chini ya bahari tangu zama za Kretasia hadi zama za Oligosini, kisha ukainuliwa ukawa nchi kavu. Kwa macho hauna uzuri wowote. Umefunikwa na vichaka na mashamba, na palipo wazi hauonyeshi mpaka kati ya tabaka na tabaka. Katika miaka ya 1950 watu wa kampuni ya mafuta ya BP na Shell walipita huko wakichukua mifuko ya udongo, na kutokana na mifuko hiyo Waingereza Blow na Banner walieleza viumbe vidogo viitwavyo foraminifera katika kitabu kilichotoka mwaka 1962, ambacho habari yake yote ilikuwa kulinganisha matabaka ya dunia. Mafuta hayakupatikana, na udongo ukasahauliwa kwa muda mrefu.

Foraminifera ni kiumbe cha chembe moja tu, aghalabu kidogo kama punje ya mchanga, nacho hujijengea nyumba ya chokaa yenye vyumba. Mwishoni mwa karne ya 20 Paul Pearson na wenzake walipoutazama upya udongo wa Lindi na Kilwa, waliona kwamba nyumba hizo zilikuwa safi kama kioo. Katika sehemu nyingi za bahari kuu nyumba za namna hiyo hugeuka nyeupe kama sukari, kwa sababu maji ya baridi ya chini yameziyeyusha na kuzijenga upya, na hivyo yamefuta habari zilizokuwamo. Udongo wa Kilwa uliziba kama mfuniko wa chungu, maji hayakupita. Mwaka 2001 walitangaza katika gazeti la Nature kwamba bahari ya nchi za joto katika zama za Kretasia na Eosini ilikuwa na joto jingi, kinyume cha ilivyodhaniwa. Kumbe ubaridi uliosemwa kwa miaka mingi haukuwa wa bahari ya kale. Ulikuwa wa kombe zilizoharibika. Jambo hilo lilipimwa kwa isotopi za oksijeni, ambazo ni ndugu wa habari yetu, lakini funzo lake lagusa kaboni vilevile: alama ni njema kama kombe linaloichukua ni jema.

Kuanzia mwaka 2002 wataalamu hao, pamoja na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, walitoboa ardhi huko kwa mtambo, wakatoa nguzo nyembamba za udongo kutoka mashimo ambayo mengine yalipita mita 100 kwenda chini. Matabaka wakayapa majina ya mahali petu: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Miongoni mwa waliofanya kazi hiyo alikuwa Joyce Singano wa shirika hilo, mtaalamu wa visukuku vidogo. Na aina moja ya foraminifera iliyotangazwa mwaka 2014 imeitwa Hantkenina singanoae kwa heshima yake. Wewe msichana usomaye haya, na hasa ukiwa umeambiwa kwamba kazi ya mawe ni ya wanaume, litafute jina hilo.

Katika shimo moja, karibu na Pande, walipata kile walichokuwa wakikitumainia. Foraminifera na visukuku vingine vilionyesha kwamba hapo ndipo Paleosini inapoishia na Eosini inapoanza, miaka karibu milioni 56 iliyopita. Walipopima kaboni tabaka baada ya tabaka, waliona inakwenda sawa, kisha ghafula inashuka na kuwa nyepesi. Ilishuka katika kombe za viumbe vya baharini. Ikashuka zaidi katika nta ya majani ya mimea ya nchi kavu, iliyoletwa na mito ikazikwa katika udongo ule ule. Fikiri maana yake. Katika kiganja kimoja cha udongo pana ushahidi wa msitu na ushahidi wa bahari, na wote wawili wasema neno moja.

Neno hilo lilikuwa limekwisha kusikiwa kwingine. Mwaka 1991 James Kennett na Lowell Stott walilieleza kutoka matope yaliyotolewa chini ya bahari karibu na Antaktika. Mwaka uliofuata Paul Koch, James Zachos na Philip Gingerich walilipata katika jimbo la Wyoming, Marekani, nchi kavu kabisa, katika vinundu vya chokaa vya udongo wa kale na katika meno ya wanyama waliokula majani. Kabla ya hapo waliojua wanyama wa nchi kavu na waliojua viumbe vya bahari walibishana juu ya mpaka wa Paleosini na Eosini bila kupatana, maana hapana farasi aogeleaye na foraminifera. Kaboni ikawapatanisha. Na katika mwaka 2003 mabingwa wa dunia waliamua kwamba mwanzo wa zama za Eosini utahesabiwa tangu mahali kaboni inapoanza kushuka katika genge la Dababiya, kusini mwa Luxor, nchini Misri. Mpaka huo haukuwekwa kwa kuzaliwa wala kufa kwa mnyama, bali kwa kaboni, nao umo katika bara la Afrika. Kwa hiyo mtu wa Pande akitia kidole chake katika udongo wa tabaka lile, na mtu wa Dababiya akatia chake katika jiwe lake, wamegusa wakati mmoja.

Wakati huo ulikuwa wa namna gani? Dunia iliongezeka joto kwa nyuzi 5 au zaidi kidogo, na hali hiyo ikadumu kwa miaka zaidi ya 100,000. Bahari ilipokea hewa ya ukaa kwa wingi, maji yake yakawa makali, na katika vina virefu matope meupe ya chokaa yaliyeyuka, ukabaki udongo mwekundu. Foraminifera wa vilindini wengi walikufa wasirudi tena. Kaboni ile nyepesi ilitoka wapi hasa, kama ni volkano za Atlantiki ya Kaskazini au methani ya chini ya bahari au vyote viwili, wataalamu bado wanabishana, na usimwamini upesi anayekuambia kwamba shauri limekwisha.

Sasa nzige wetu wawili. Kushuka kwa kaboni hakukutokea mara moja tu. Katika zama hizo hizo za Eosini kulitokea kushuka kwingine, kudogo zaidi, mara kadhaa. Ukiwa na mstari wa vipimo unaopanda na kushuka, na mwenzako ana wake, ni rahisi mno kusogeza mmoja mpaka ufanane na mwingine, kisha ukafurahi. Vipimo havitakukataza. Kwa sababu hiyo kaboni haimfukuzi William Smith, yamhitaji. Visukuku husema, "Tuko karibu na hapa," na sumaku iliyomo katika miamba husema vilevile, na majivu ya volkano yaliyopimwa umri husema hata idadi ya miaka. Ndipo kaboni huonyesha mahali penyewe kwa ncha ya sindano. Tena tabaka laweza kukosekana, kwa sababu mikondo ya maji iliokwangua chini ya bahari, na mstari ukaonekana kushuka ghafula kumbe ni kurasa zilizochanwa. Na maji ya mvua yakipenya katika chokaa yaweza kubadili kaboni yake baada ya mamilioni ya miaka. Mimi huona kwamba makosa mengi katika elimu hii hayakutoka katika mashine, ambazo hupima vizuri ajabu. Yalitoka katika haraka ya kufananisha.

Nawe ukiwa umesimama Makutano na lile jiwe lako lenye mistari, waweza kuuliza kama elimu hii yakuhusu. Yakuhusu. Jiwe hilo ni la ukanda mkubwa wa miamba ambao Arthur Holmes aliuita Ukanda wa Msumbiji, utokao Msumbiji ukapita Tanzania na Kenya kwenda kaskazini. Miamba yake ilichomwa mno hata kama ilikuwa na kisukuku chochote kimepotea, na zaidi ya hayo ni ya zama ambazo wanyama wenye kombe walikuwa hawajatokea. Lakini katika ukanda huo, mathalan huko Kajiado, mna marumaru, na marumaru ni chokaa iliyopikwa. Sehemu yake kubwa iliwekwa katika bahari ambayo haina jina kwetu. Marumaru iliyo safi, isiyochanganyika na mchanga, huweza kuhifadhi kaboni yake ya kwanza hata baada ya moto ule wote, kwa kuwa karibu kaboni yote iliyomo ni yake yenyewe, na hapana nyingine ya kubadilishana nayo. Katika zama hizo kaboni ya bahari ilipanda na kushuka kwa kiasi kikubwa kuliko ilivyofanya tangu wanyama walipoenea. Huko Namibia kushuka kwake kulimfanya Paul Hoffman na wenzake waseme, mwaka 1998, kwamba dunia nzima iliwahi kufunikwa na barafu. Na mwaka 2008 Victor Melezhik na wenzake walieleza jinsi walivyopima kaboni na strontiamu katika marumaru za kaskazini-mashariki ya Msumbiji ili kujua ni zipi zilizowekwa katika bahari moja na zipi ni za bahari nyingine, ingawa leo zimelala pamoja. Pasipo na kombe, kemia ndiyo shahidi aliyebaki.

Nimesema kwamba bahari huandika. Haijaacha. Makaa ya mawe, petroli na dizeli ni kaboni ya mimea ya kale, na kwa hiyo ni nyepesi. Tangu viwanda vilipoanza kuchoma makaa kwa wingi, kaboni ya hewa ya dunia imeshuka kutoka karibu sehemu 6 na nusu katika elfu chini ya sifuri hadi karibu 8 na nusu, na matumbawe na kombe za baharini zinazoumbwa sasa zimekwisha kuanza kuonyesha kushuka huko. Katika udongo wa Pande kaboni ilichukua maelfu ya miaka kushuka. Hii yetu imeshuka katika muda wa vizazi vichache. Barafu za Mlima Kenya, ambazo mtu wa Embu au Meru aliziona kila asubuhi ya anga safi, zimepungua sana katika miaka hiyo hiyo. Magari yanayongoja abiria hapo Makutano, mengine ya kwenda Nyeri na mengine ya kwenda Meru, injini zao zikinguruma, yanatoa kaboni ile nyepesi. Na sehemu yake, baada ya safari yake hewani na majini, itatulia katika matope nje ya pwani ya Kilwa, ndani ya nyumba ya chokaa isiyozidi punje ya mchanga.